Askari wa Zimamoto Ajifunza Kuchoma Nyama

Ukitaka kumjua Afande, anza na kiberiti. Kazi yake maisha yote ilikuwa zimamoto, na hakuwahi kuona njiti ikiwaka bila kuikodolea macho mpaka izimike. Mishumaa ya keki za wanawe aliipuliza yeye mwenyewe, wimbo haujaisha, watoto wakaangua kilio, na wala hakuomba radhi. Alipostaafu, wenzake walimpa saa ya ukutani na mtungi mpya wa kuzimia moto, mwekundu, umefungwa utepe. Saa aliitia kabatini. Mtungi akautundika sebuleni, pale ambapo watu wengine huweka picha ya harusi.

Basi mtu huyo ndiye aliyeamka Jumapili moja, akavaa aproni ya mkewe yenye maua, akaenda uani kuwasha moto.

Mwenye moto katika nyumba ile siku zote alikuwa mkewe. Uani, karibu na ukuta wa jirani, kulikuwa na pipa la chuma lililopasuliwa kwa urefu. Nusu ya chini ilichomelewa miguu, nusu ya juu ikafanywa kifuniko chenye bawaba, na hakuna aliyeligusa ila yeye. Kila Jumapili mama huyo alichoma nyama, na alipochoma, alisema. Jamani, alisema! Alisema na makaa, alisema na mbavu, alimtukana kuku aliyechelewa kuiva, alimfukuza mumewe aliyekuja na ndoo ya maji "kwa tahadhari tu", na wageni aliwapangia pa kukaa na hata wa kuoana naye. Majirani walijua nyama imefika wapi kwa kumsikiliza tu.

Kisha kiharusi kikampiga, akiwa anaanika nguo. Mkono wa kulia ukalegea, mguu ukawa mzito, mdomo ukavutwa upande. Hospitali walifanikiwa kuliko walivyotegemea wenyewe: mdomo ukarudi mahali pake, mguu ukakubali kutembea kwa fimbo. Sauti ndiyo haikurudi. Mtaalamu wa maongezi, dada mmoja mpole mwenye miwani, alimpima mara kadhaa, halafu akamvuta Afande kando ya mlango.

"Sauti ipo, mzee. Ulimi unafanya kazi. Ila mama hataki."

"Hataki nini?"

"Kusema. Msimlazimishe. Mtafutieni kitu kitakachomfanya atake mwenyewe."

Afande alikuwa mtu wa kupewa amri na kuitekeleza. Tatizo la amri hii ni kwamba haikusema mpira wa maji unafungwa wapi.

Na muda ulikuwa unambana. Binti yao alikuwa fundi cherehani mwenye duka lake mji mwingine, mtu wa maneno machache na yote ya mwisho. Alikuja, akakaa nao siku nzima, akasikiliza kimya cha nyumba ile mpaka kikamchosha. Kabla ya kuondoka alimwambia baba yake: "Mwezi huu ukiisha Mama hajasema hata neno moja, namchukua nikakae naye. Kule kuna kliniki, kuna watu. Hapa mnakaa mnatazamana kama viti."

Ilikuwa kweli. Afande aliifikiria nyumba bila yule mama. Alikuwa ameingia kwenye majengo yanayoanguka, akapanda ngazi zinazowaka, na hakuwa mwoga hata kidogo. Lakini jambo hili aliliogopa, na aliliogopa hasa. Ndipo akili yake ikaenda kwenye pipa. Kama kuna mahali duniani ambapo mkewe hawezi kunyamaza, ni pale.

Kwanza alimuuliza yeye mwenyewe. "Mama watoto, Jumapili nikichoma, utanielekeza?" Mkewe alimtazama kwa muda, kisha akageukia dirisha. Afande akaelewa kwamba walimu atawatafuta kwingine.

Mwalimu wa kwanza alikuwa simu. Humo alikuta wanaume wengi sana wanaochoma nyama huku wakijirekodi. Mmoja, mwenye ndevu za kufika kifuani, alisema nyama itiwe chumvi jana yake ili imeze. Wa pili, aliyevaa glavu nyeusi utadhani anakwenda kupasua maiti, alisema anayetia chumvi mapema ni adui wa nyama. Wa tatu hakusema lolote: alikata kipande, akatafuna, akafumba macho, akatikisa kichwa, na watu wasiohesabika walikuwa wamempongeza. Afande alimpuuza huyo wa tatu kwa kukosa maelezo.

Mwalimu wa pili alikuwa maktaba. Huko aliazima kitabu kinene cha kuchoma na kubanika nyama, ambacho kurasa zake za mbavu zilikuwa zimegandana kwa mafuta ya wasomaji waliotangulia. Akakipenda papo hapo. Kitabu cha mapishi kilicho safi hakijamsaidia mtu yeyote.

Wa tatu alikuwa mwenye bucha, mwanaume mwenye mabega ya kubeba mlango na sauti ndogo kama ya filimbi.

"Anza na kuku, Afande," alimwambia. "Kuku ukimharibu hasara yake ndogo, na hana ndugu wa kuja kulalamika. Subiri makaa yavae majivu, yawe meupe, ndipo uweke nyama. Moto wa miali ni wa kuota, sio wa kuchoma."

"Na miali ikija?"

"Unamsogeza kuku pembeni, unasubiri. Basi."

"Nasubiri tu? Moto unawaka, mimi nimesimama?"

"Ndiyo kazi yenyewe, mzee wangu."

Jumapili ile makaa yalivaa majivu kama alivyoambiwa. Kuku akawekwa kwenye wavu. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki chini ya dirisha la jikoni, fimbo mapajani, anatazama. Ngozi ikaanza kulia, tone la mafuta likaanguka, na ulimi wa moto ukachungulia kati ya nyaya. Mdogo tu, hata njiwa asingeshtuka. Kufumba na kufumbua ndoo ilikuwa tupu, na mvuke umefunika ua mzima. Afande hakumbuki kuinyanyua. Walikula kuku aliyechomwa upande mmoja na kuchemka upande wa pili. Mama alikula kwa mkono wa kushoto, polepole, akapanga mifupa ukingoni mwa sahani, hakusema kitu.

"Ulimwagia maji," mwenye bucha alisema kesho yake. Hakuwa anauliza.

"Kidogo."

"Hiyo ndoo iache ndani."

"Siwezi."

"Basi iweke mbali, uwe unaitembelea."

Jumapili iliyofuata Afande aliamua kubanika mbavu kwa moshi, jambo ambalo kitabu kilisema lisijaribiwe na anayeanza. Alisoma sura nzima, akarudia. Makaa yakusanywe upande mmoja, nyama ilale upande mwingine, kifuniko kifungwe, na juu ya makaa kiwekwe kigogo kikavu cha mti wa matunda. Moshi unaotakiwa ni mwembamba, unaoelekea kuwa wa buluu, unaonekana kwa shida. Ukiona moshi mweupe mzito, kitabu kilisema, ujue moto unakabwa na nyama itakuwa chungu.

Yote hayo aliyaelewa. Lakini kuweka kuni kavu juu ya makaa ya moto kwa mkono wake mwenyewe, mtu aliyekula kiapo! Mkono ulikataa. Akaviloweka vigogo usiku kucha. Na matundu ya hewa, ya chini na ya juu, akayaziba yote, ili moto usipate pa kutorokea. Moshi ukatoka mweupe, mnene, kama godoro linalosukumwa kupitia dirishani. Ukapanda ukutani, ukaingia kwa jirani, ukakaa kwenye shuka zake. Jirani akafanya kile ambacho Afande mwenyewe alikuwa amekwenda shule nyingi kuwahimiza watu wafanye: akapiga simu zimamoto.

Gari lilikuja na king'ora. Mkuu wa zamu alikuwa mwanamke aliyefundishwa kazi na Afande tangu siku ya kwanza. Aliruka kutoka garini, akamwona mwalimu wake ndani ya moshi, ndani ya maua ya aproni, akapiga saluti.

"Afande, kuna mtu ndani?"

"Mbavu tu."

Mkuu wa zamu aliinama, akalikagua pipa kwa heshima zote. "Umeziba matundu."

"Nimeyaziba."

"Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba moto ukikosa hewa..."

"Najua nilichowafundisha."

Askari mmoja, mwenye bidii na asiye na habari, alikuwa tayari ameburuta mpira wa maji mpaka uani na kuuelekeza kwenye pipa. Hapo mkewe Afande aliinuka nusu kwenye kiti, mkono wa kushoto mbele, mdomo wazi. Afande alimwona. Lakini mkuu wa zamu aliinua kiganja, mpira ukateremshwa, na mama akaketi tena, akaufunga mdomo wake.

Mbavu zilikuwa chungu kama dawa. Askari walikula kwa nidhamu. Afande hakujali ladha. Alikuwa na furaha ambayo hakuweza kumweleza mtu. Ilikuwa karibu! Akahitimisha kwamba ni harufu ya mbavu iliyomgusa mkewe, na kwamba zingekuwa tamu zaidi, angesema. Hesabu mbovu, lakini ndiyo aliyokuwa nayo.

Wiki ile alijifunza kufa kupona. Aliwasha pipa kila asubuhi bila nyama, akasimama mbele yake, mikono nyuma, kama anakagua gwaride, akijizoeza kutofanya lolote. Alijifunza kukinga kiganja juu ya wavu na kujua joto kwa jinsi anavyoweza kuvumilia. Aliacha uma, akashika koleo, kwa sababu uma hutoboa nyama na utamu wote ukamwagikia motoni. Kwenye suala la chumvi alimfuata yule wa ndevu. Vigogo akaviacha vikauke juani mpaka vikigongana vinalia, na matundu akayaacha wazi, ingawa ilimlazimu kuangalia pembeni.

Jumapili alichukua kidari cha ng'ombe, nyama ngumu, yenye kiburi, isiyotaka haraka. Alikaa nacho tangu asubuhi mpaka alasiri. Moshi ulikuwa mwembamba hivi kwamba jirani alichungulia juu ya ukuta kuuliza kama leo hakuna kitu. Kilipoiva alikifunika kwa kitambaa, akakiacha kipumzike, kisha akakikata kwa kukatisha nyuzi zake. Kisu kilipita bila kubishana. Binti yao, aliyekuwa amefika mchana, alionja kipande akiwa amesimama, akavuta kiti, akakaa.

"Baba, nani kapika?"

"Mimi."

"Usinitanie."

Mama alikula. Akaongezewa, akala. Akalamba vidole, kimoja kimoja. Akamtazama mumewe, akatikisa kichwa kukubali, akafuta mdomo kwa kanga yake. Na kimya kikarudi kama kawaida yake, kikakaa nao mezani.

Wakati wa kuosha vyombo binti alisema, bila kugeuka: "Jumapili ijayo nakuja na gari, Baba."

"Kidari hukukipenda?"

"Nimekipenda sana. Lakini Mama namchukua."

Afande alipangusa sahani moja mpaka ikakauka, akaendelea kuipangusa.

Kesho yake alikwenda buchani kwa mazoea tu, miguu ikimpeleka. Mwenye bucha alimtazama usoni. "Imeharibika tena?"

"Imetoka nzuri sana. Walikula wote, wakanyamaza."

"Sasa mbona kama umefiwa?"

Afande akamwambia yote, mbele ya wateja, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Alimwambia habari ya sauti, ya binti, ya gari linalokuja. Mwenye bucha alisikiliza huku akinoa kisu.

"Mimi, Afande, ya hospitali siyajui," alisema mwishoni. "Ninachojua ni wateja. Nikimpa mtu nyama nzuri simsikii tena. Anakula, analala. Nikimpa mfupa, kesho asubuhi yuko hapa mlangoni ananitukania ukoo."

Afande alibaki amesimama muda mrefu mpaka mteja wa nyuma akakohoa. Aliona mkono wa kushoto wa mkewe, mdomo ulio wazi, mpira wa maji umeelekezwa kwenye pipa. Haikuwa harufu hata kidogo.

"Nipe pande la ubavu," alisema. "Nene, lenye mafuta. Lile bora kabisa ulilo nalo."

"Safi. Unataka kulichoma vipi?"

"Vibaya."

Mwenye bucha aliweka kisu chini. Ilibidi aombwe sana, na alilifunga pande lile kwa shingo upande, akimkabidhi bila kumtazama.

Jumapili ya mwisho binti alifika mapema. Alikuwa ndani, anakunja nguo za mama yake na kuzipanga kwenye sanduku. Mama alikuwa kwenye kiti chake uani. Hakuwa amebisha lolote kuhusu safari. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea, na viatu hivyo vilimuumiza Afande kuliko sanduku.

Aliwasha moto. Hakusubiri majivu. Miali ikiwa bado inarukaruka, alichukua lile pande zuri, bila chembe ya chumvi, akalitupa katikati. Mafuta yakaanza kudondoka mara moja, na moto ukapanda kuyapokea. Afande akatia mikono kwenye mifuko ya aproni.

Sidhani kama mnaelewa jambo hili lilimgharimu nini. Jasho lilimtoka mgongoni. Mguu wa kulia ulianza safari wenyewe, akaurudisha. Moto ulifika kifuani, na upande wa chini wa nyama ulikuwa umeshakuwa mweusi, unatoa moshi wa mafuta yanayoungua, moshi mbaya, mnene. Alichukua uma, akaichoma nyama katikati, akaikandamiza ili maji yake yote yamwagike, akarudisha mkono mfukoni. Kisha akatazama mawingu, akaanza kupiga mluzi.

Fimbo iligonga sakafu ya saruji nyuma yake. Akaendelea na mluzi. Fimbo ikagonga tena, kwa hasira.

"Geuza."

Sauti ilikuwa nzito, imekwaruza, na neno lilitoka limelala upande. Mluzi ukafia mdomoni. Hakugeuka; aliogopa akigeuka itakimbia.

"Umesemaje?" aliuliza, ingawa alikuwa amesikia vizuri sana.

"Ge... geuza nyama." Akavuta pumzi. "Inaungua, we mzee."

"Naiona."

"Unaiona... na umesimama?"

Alisikia kiti kikisukumwa, fimbo na mguu vikija. Mkewe akafika pembeni yake, akamtazama mikono, akamtazama usoni. "Wiki ile uliweza," alisema, na kila neno alilivuta kama ndoo kutoka kisimani. "Leo hujui? Unanifanya... mtoto? Mikono yako tangu lini... ikakaa mfukoni, moto unawaka?"

Afande alikuwa analia. Hakujificha. "Nilitaka useme."

"Nimeona."

"Kwa nini hukusema, mama watoto? Muda wote huu."

Mkewe alitazama moto. "Huisikii inavyotoka? Imepinda. Kama ya mlevi." Akaigusa pembe ya mdomo wake. "Nilikuwa na sauti, mimi. Mngecheka."

Afande alikuwa amewauliza wenye ndevu kwenye simu, amekwenda maktaba, amemsumbua mwenye bucha wiki baada ya wiki. Mkewe yeye alikuwa akimuuliza tu kama amekula, amelala, anaumwa wapi. Kama anaona aibu hakuwahi kumuuliza, wala jambo hilo halikumpitia kichwani, na sasa lilimwingia lote kwa pamoja.

"Sijacheka," alisema.

"Utacheka."

"Nacheka saa ngapi, na nyama inaungua?"

Mama akatoa sauti fulani puani. Ilikuwa kicheko, kimechakaa kwa kukaa bila kutumika, lakini kicheko. Akamnyang'anya uma, akautupa chini, akanyoosha mkono wa kushoto kutaka koleo.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Binti alikuwa amesimama kizingitini na sanduku mkononi. "Nani anaongea hapa?"

Mama akafunga mdomo. Afande aliona aibu ikimpanda tena usoni, ile ile, na kila mfupa wake ulitaka kumjibia. Aliuma meno. Alisimama pale moto ukiwaka, hakufanya lolote.

"Baba? Nimesikia mtu."

Nyama ikaendelea kuungua. Hatimaye mama aliinua koleo, akamwelekezea mumewe.

"Baba yako," alisema, polepole, kwa ile sauti yake iliyopinda, "hajatia chumvi."

Binti aliweka sanduku chini. Alikaa juu ya sanduku palepale mlangoni, akaficha uso mikononi, akalia kwa sauti.

"Lete chumvi," mama akamwambia. "Na ushuke hapo... utazitia makunyanzi nguo zangu. Ndizo nazivaa kesho kanisani kwetu... kesho... Aah! Jumapili ijayo. Shuka!"